Mwanafunzi asipande ndege kabla idara haijasaini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo vikuu vyetu vya Tanzania na vya Ulaya. Ni mpango ambao kijana wa mwaka wa pili au wa tatu huenda kusoma semesta moja nje, kisha hurudi kumalizia shahada yake hapa nyumbani. Naupenda mpango huu na ninautetea kwa moyo wote. Ndiyo maana inaniuma kijana aliyesoma vizuri ughaibuni anaporudi na kuambiwa arudie semesta nzima, eti masomo aliyofaulu kule hayana pa kuingizwa huku.

Habari zinazotufikia magazetini ni za kutiliana saini. Viongozi wawili wa vyuo wanapeana mkono, hati ya makubaliano imelazwa mezani, bendera mbili ndogo ziko pembeni. Hati ile ina kazi yake, lakini haina fedha ndani wala haimtaji mwanafunzi yeyote. Karatasi inayoamua kama safari ya kijana itamfaa ni nyingine. Ina kurasa chache tu, haipigwi picha, na mara nyingi husainiwa haraka haraka wiki ya mwisho. Inaitwa mkataba wa masomo.

Tuitazame karatasi yenyewe. Katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili kubadilishana huku, mkataba huo una majedwali mawili. Jedwali A huorodhesha masomo ambayo mwanafunzi atasoma kwenye chuo mwenyeji: jina la somo, msimbo wake, semesta na idadi ya krediti. Jedwali B huorodhesha masomo ya chuo chake ambayo atahesabiwa kuwa ameyasoma kwa kufaulu yale ya kule. Chini kuna saini tatu: ya mwanafunzi, ya chuo kinachotuma na ya chuo kinachopokea. Chuo kinachopokea hushughulika na Jedwali A, kwa hiyo hilo hujazwa vizuri. Jedwali B ni letu, na hapo ndipo panapovuja. Huachwa tupu, au huandikwa "yatajadiliwa baadaye", au hujazwa na ofisa wa uhusiano wa kimataifa ambaye hana mamlaka juu ya mtaala wa idara yoyote. Mwanafunzi akirudi, mkuu wa idara anaiona karatasi kwa mara ya kwanza, na anachosema ni haki yake kabisa: mimi jambo hili sikulikubali.

Kwa hiyo saini ya upande wetu iwe ya mkuu wa idara mwenyewe, au ya mwalimu aliyemkaimisha kwa barua, na iwe imeshawekwa kabla tiketi haijanunuliwa. Katika yote ninayoandika hapa, hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili.

Wakuu wa idara nao wana hoja. Wanaletewa orodha ya masomo ya kigeni na kuambiwa wayalinganishe, bila mwongozo. Wengi hukwama kwa kutafuta somo pacha. Hawalipati, kwa sababu halipo: somo lenye jina lilelile laweza kuanzia mbali zaidi, na lenye jina tofauti laweza kuwa na maudhui yaleyale. Vitu vya kulinganisha ni viwili: mwanafunzi ataweza kufanya nini akimaliza somo, na amelifanyia kazi saa ngapi. Somo la lazima ambalo ni msingi wa somo la mwaka unaofuata lipimwe mada kwa mada, na kama kuna mada inayokosekana, mwalimu aandike palepale jinsi itakavyofidiwa, kwa mfano kwa zoezi na jaribio mwanafunzi akirudi. Masomo ya hiari yafidiwe kwa fungu, krediti kwa krediti, pasipo kudai mada zifanane. Kwani kijana anakwenda nje kusoma yaleyale?

Kutokana na hilo, semesta ya kwenda ichaguliwe kwa kuufungua mtaala. Inayofaa ni ile yenye masomo mengi ya hiari. Semesta ya mwisho, yenye utafiti wa kuhitimu, iachwe. Wanaosomea uhandisi na ualimu watazame pia mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu, maana semesta ya Ulaya ikimalizika mwishoni mwa Julai, kijana anaweza kukuta wenzake wameshapangiwa vituo na kuondoka.

Sasa hesabu ya krediti, ambayo huleta ugomvi usio wa lazima. Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, semesta ni 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Tanzania krediti moja ni saa 10, na shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Idara nyingine hulinganisha moja kwa moja. Somo la krediti 6 kutoka Ujerumani linapewa krediti 6 hapa, mahali pa somo la krediti 12, na kijana anaonekana amesoma nusu. Nyingine zinapiga hesabu ya saa na kutoa mara mbili na nusu au tatu, na kwa mara tatu mwanafunzi aliyesoma krediti 20 tu kule anaonekana ametimiza semesta. Njia iliyo salama ni kuulinganisha mwaka na mwaka: 60 kwa 120, kwa hiyo krediti moja ya kule ni mbili za huku. Somo la 6 linakuwa 12. Somo la 7.5, ambalo ni la kawaida Sweden, linakuwa 15, na manne yanatimiza 60 za semesta yetu bila kubaki hata moja. Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, ikiandika sentensi hiyo moja kwenye kanuni zake, ubishi wa idarani umekwisha.

Alama zinataka uangalifu zaidi, kwa sababu tarakimu ileile ina maana tofauti kila unapovuka mpaka. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Finland wao wana 0 hadi 5, ambapo 5 ndiyo bora na 1 ndiyo ya chini ya kufaulu. Ukiletewa transkripti, yaani hati za matokeo, mbili zenye "1", moja inatoka kwa mwanafunzi hodari wa darasa na nyingine kwa aliyeponea chupuchupu. Norway herufi E ni kufaulu na F ndiyo kufeli, wakati katika vyuo vyetu vinavyofuata ngazi za A, B+, B, C, D na E, mwenye E amefeli na mwenye D bado hajafaulu. Uholanzi hutoa alama kwa 10 na kufaulu ni 5.5, lakini 9 na 10 ni adimu, kwa hiyo 8 ya kule ni nzito. Ufaransa hutoa kwa 20, kufaulu ni 10, na anayepata 16 amefanya vizuri sana. Katika baadhi ya masomo ya Sweden kuna U, G na VG tu: amefeli, amefaulu, amefaulu vizuri sana.

Karani wa mitihani hajui haya yote, na si kazi yake kuyajua. Mfumo wa kompyuta unamtaka aingize pointi, transkripti inasema 1.3, anaingiza 1.3. Mwanafunzi aliyekuwa anaelekea daraja la kwanza anashuka ghafla, kisha inachukua miezi ya barua na rufaa kurekebisha namba moja.

Kwa Ujerumani kuna njia nyepesi. Vyuo vya kule hugeuza alama za kigeni kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria: toa alama ya mwanafunzi kutoka alama ya juu kabisa, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Wastani wetu wa juu ni 5 na wa chini wa kufaulu ni 2, tofauti yake ni 3, hivyo kuzidisha na kugawanya vinafutana na inabaki hesabu ya mtoto wa darasa la tatu: 6 toa alama. Mwanafunzi wetu mwenye 3.5 anasomeka kule kama 2.5. Kurudi ni vilevile. Aliyepata 1.3 Ujerumani ana 4.7 huku, na aliyepata 4.0 ana 2.0, yaani amefaulu kwa shida. Kwa kuwa kwetu kila somo hupewa herufi, namba hizo zikadiriwe hivi: 1.0 na 1.3 ni A; 1.7, 2.0 na 2.3 ni B+, 2.7, 3.0 na 3.3 ni B, 3.7 na 4.0 ni C. Mistari minne. Ichapwe, ipitishwe na bodi ya mitihani, na mwanafunzi apewe nakala yake kabla ya kuondoka.

Wapo wanaopendekeza masomo ya nje yaandikwe "amefaulu" tu, yasiingie kwenye wastani. Naielewa hofu yao, kwa sababu mwalimu hapendi kugeuza alama ambayo hakuitoa yeye. Lakini sikubaliani nao kwa vyuo vyetu, ambavyo daraja la shahada hupimwa kwa wastani hadi nukta ya desimali. Kijana anayejua kwamba juhudi yake ya miezi mitano haitahesabiwa atachagua kubaki, na tutabaki tunawapeleka wasio na cha kupoteza. Chuo kikiamua njia yoyote kati ya hizo mbili, kiiamue kabla ya safari. Kuamua baada ya kuona alama ni kumwonea mwanafunzi au kumpendelea.

Kalenda nazo hazifanani. Ujerumani vipindi vya semesta ya baridi huwa kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari, karibu sawa na semesta yetu ya kwanza, kwa hiyo hiyo haitusumbui sana. Vya semesta ya kiangazi huwa kuanzia Aprili hadi Julai. Sweden huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na hapo kuna mtego: mwanafunzi mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Septemba hawezi kwenda, hata awe na viza mkononi. Usaili usubiri matokeo, au jina lake liwe na mtu wa akiba nyuma yake. Mtego wa pili wa Sweden ni kwamba masomo husomwa moja baada ya jingine, si yote kwa pamoja kama tulivyozoea. Somo la krediti 7.5 ni wiki tano za kazi ya saa 40 kwa wiki. Anayechelewa wiki mbili kwa ajili ya kibali amekosa sehemu mbili za tano za somo la kwanza, na mara nyingi hana namna ya kulikamata. Huyo ahamishiwe somo jingine siku anapowasili, na mkataba ubadilishwe kwenye sehemu yake ya mabadiliko, kwa saini zilezile tatu. Mabadiliko yasiyosainiwa ndiyo chanzo kikubwa cha transkripti kuja na masomo ambayo idara haiyajui. Mwanafunzi anabadilisha kwa nia njema, somo limefutwa au vipindi vinagongana, anamwandikia mratibu barua pepe, mratibu anajibu "sawa", na mambo yanaishia hapo.

Mwisho wa semesta nao una adha yake. Chuo cha Ulaya kinatakiwa kutoa transkripti kwa kawaida si zaidi ya wiki tano tangu matokeo yatangazwe, lakini Ujerumani mwanafunzi huweza kupewa kazi ya kuandika baada ya vipindi kwisha, na matokeo yakachelewa kwa miezi. Bodi yetu ya mitihani haimsubiri mtu. Kijana anaandikwa hajakamilisha, na mwaka unaofuata mfumo unakataa kumsajili. Kanuni iseme wazi kwamba matokeo ya mwanafunzi wa kubadilishana hupokelewa katika kikao kinachofuata bila adhabu, na kwamba ataendelea na masomo wakati yakisubiriwa.

Hapa niongeze jambo linaloonekana dogo. Mwanafunzi anayekwenda nje asiandikishwe kuwa ameahirisha masomo. Ofisi nyingi hufanya hivyo kwa sababu fomu ya kuahirisha ipo na ya kubadilishana haipo. Aliyeahirisha hasomi, kwa hiyo alichosoma kule hakina semesta ya kuingia. Tena akiwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, malipo yake husimama. Huyu ni mwanafunzi anayeendelea: anasajiliwa kama kawaida, analipa ada hapa nyumbani, na chuo mwenyeji hakimtozi ada ya masomo. Ofisi ya mikopo ya chuo ipewe orodha ya majina mapema, na mwanafunzi aulize kabla ya kuondoka atasainije fedha zake akiwa mbali.

Kuhusu fedha, watu wengi wanaamini kwamba ruzuku ikishapatikana tatizo limekwisha. Erasmus+ humlipa mwanafunzi anayetoka kwetu yuro 800 hadi 900 kwa mwezi kutegemea nchi anayokwenda, pamoja na fungu la nauli linalopimwa kwa umbali. Kinachosumbua ni siku ya malipo. Chukua Ujerumani. Ili ruzuku iingie, mara nyingi huhitajika akaunti ya benki ya kule. Benki inataka hati ya kuandikishwa makazi. Kuandikishwa makazi hufanyika ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na kunataka karatasi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana. Kijana anashuka uwanja wa ndege akiwa na yuro mia moja mfukoni na barua inayosema anadai elfu nne. Mnyororo mzima umesimama kwa kukosa kodi ya mwezi mmoja.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni mkataba wa ruzuku: usomeni kifungu cha malipo ya awali, ambayo huwa sehemu kubwa ya ruzuku, na mdai ilipwe kabla ya safari kwenye akaunti ya mwanafunzi ya hapa nyumbani. Baadhi ya vyuo vya Ulaya hukubali vikiombwa mapema, na kabla ya kuombwa havijui kwamba ni tatizo. Ya pili ni chuo chetu kumpa masurufu ya miezi miwili, kwa maandishi, yarejeshwe ruzuku ikiingia. Fungu hilo halihitaji kuwa kubwa, maana fedha zinazunguka.

Kabla ya hapo kuna gharama ambazo hakuna anayezilipia, nazo ndizo zinazowachuja watoto wa wakulima pasipo mtu kutangaza kwamba wamechujwa. Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni yuro 75, zaidi ya laki mbili, ingawa mwenye ufadhili wa fedha za umma huweza kusamehewa, kwa hiyo barua ya ufadhili itaje wazi fedha zinatoka wapi. Nchi kadhaa hazina ubalozi Dar es Salaam na mwombaji hulazimika kwenda Nairobi. Anayesoma Mbeya au Dodoma ana nauli na malazi juu yake kila anapoitwa. Chuo kinachosema nafasi ziko wazi kwa wote kiwe na mfuko mdogo wa hatua hizi.

Viza yenyewe ina makosa machache yanayojirudia. La kwanza ni kuomba viza ya Schengen ya muda mfupi kwa semesta ya miezi mitano. Ile ni ya siku 90 ndani ya siku 180 na haifai. Inatakiwa viza ya muda mrefu, au kibali cha makazi kwa nchi kama Sweden. La pili ni hesabu ya fedha. Tangu Septemba 2024 Ujerumani hutaka mwanafunzi athibitishe yuro 992 kwa mwezi. Ruzuku ya 900 inaacha pengo la 92, na kwa miezi mitano ni 460. Ubalozi unaweza kuuliza pengo hilo litazibwa na nini, na anayeulizwa mara ya kwanza akiwa dirishani hana jibu. La tatu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, kitambulisho cha NIDA kimebadilisha herufi moja, na pasipoti imefuata NIDA. Chuo mwenyeji kinatoa barua ya udahili kwa jina la kwenye transkripti, ubalozi unaona watu wawili. Fomu ya kwanza kabisa ya kumteua mwanafunzi ijazwe kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi, na palipo na tofauti kiapo kitafutwe mwezi huo huo. Maana yake ni kwamba asiye na pasipoti asipendekezwe. Aliyechaguliwa apewe wiki kadhaa aitafute, akishindwa nafasi iende kwa wa akiba. Ni kanuni kali, na ndiyo sababu mfuko niliousema hapo juu ni wa lazima.

Kubadilishana ni pande mbili, na upande wa kupokea tumeupuuza. Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Napoli, Warsaw na Paris wana wanafunzi wa Kiswahili wanaohitaji kukaa palipo na lugha hai. Tuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Hapo sisi ndio wenye mali. Lakini mwanafunzi wa Leipzig naye ana Jedwali A la kujaza, na ratiba yetu ya masomo hutoka wiki ya kwanza ya semesta, wakati mwingine ya pili, baada ya yeye kufika. Anajaza kwa kubahatisha. Kisha tarehe ya kufungua chuo inasogezwa wiki tatu, na tiketi yake imeshalipwa. Chuo kitoe, miezi minne kabla, orodha fupi ya masomo kumi au kumi na mawili ambayo kwa vyovyote yatafundishwa, kila moja na maelezo ya ukurasa mmoja, idadi ya krediti na lugha ya kufundishia. Kisimamie kibali chake cha ukaazi cha daraja C kutoka ofisi moja, badala ya kumwachia mgeni azunguke na faili. Akimaliza, apewe matokeo ya muda yenye muhuri wa idara wakati Seneti ikisubiriwa. Tunalalamika transkripti za Ulaya huchelewa, na zetu huchelewa zaidi.

Neno la mwisho ni kwa wanaopanga bajeti. Katika Erasmus+ mwombaji wa fedha ni chuo cha Ulaya. Chetu ni mshirika, hakiwezi kuomba chenyewe, na tarehe ya mwisho huwa Februari kila mwaka. Ombi huandikwa Novemba na Desemba, na chuo cha Ulaya huuliza mambo mahususi: idara gani, wanafunzi wangapi kila upande, ngazi gani, krediti zinatambuliwaje. Chuo kinachojibu "tuko tayari kwa ushirikiano wowote" huwekwa kando, chenye jedwali la krediti na la alama mkononi huandikwa. Mradi ukikubaliwa huja na yuro 500 kwa kila mshiriki kwa ajili ya uendeshaji. Mgawanyo wake kati ya vyuo viwili ni wa kukubaliana, na kwa kuwa fedha hupitia Ulaya, usipouliza hutasikia. Ulizeni kwa maandishi, na sehemu yetu ilipie saa za mwalimu mmoja katika kila idara atakayekuwa na kazi ya kukaa na mwanafunzi na kujaza Jedwali B. Vikao vya Seneti kabla ya Februari havizidi viwili au vitatu, na makaratasi ya ajenda hufungwa wiki kadhaa kabla. Idara zinazotaka kupeleka wanafunzi mwaka ujao wa masomo ziandike waraka wao mwezi huu.

Mratibu wa kubadilishana wanafunzi,
Dar es Salaam